Kuna Familia, Sitataja Jina

Satellite, Nairobi
Jumapili jioni

Dada Mghoi mpendwa,

Nakusalimu kabla sijaanza kulalamika, maana nikianza salamu zitakosa nafasi. Goti la Mama linaendeleaje? Na wewe, kifua ulichopata kwa baridi ya huko Wundanyi kimepona? Sisi huku miili ni mizima. Moyo ndio unaochemka.

Sikiliza. Shemeji yako Mwakio alifutwa kazi ya stoo mwezi wa tatu na hakuniambia. Kila asubuhi alivaa shati, akafunga tai yake ya kahawia, akaniaga. Mwezi wa nne nilikwenda madukani Adams Arcade kununua zipu, nikamwona amekaa kwenye benchi anasoma gazeti la juzi kwa makini kama mtu anayengoja mtihani. Nilirudi nyumbani bila zipu. Sikumwambia kitu. Niliona akiwa tayari atasema mwenyewe, basi nikaendelea kumfungia chakula, na yeye akaendelea kunisimulia habari za bosi wake. Dada, yule bosi alizidi kuwa mbaya kila wiki!

Siri ikanilemea, nikamtobolea mtu mmoja tu, Mama Shiro, kiongozi wa ushirika wetu wa maombi ya nyumbani. Alinishika mikono yote miwili. "Hii imeishia hapa," akasema. "Ni mimi na wewe na Yesu."

Yesu hakusema.

Ijumaa ya wiki iliyopita tulikusanyika kwake, chai imeshamiminwa. Kufika wakati wa maombi akajitanguliza mwenyewe, macho amefumba: "Wapendwa, kuna familia hapa Satellite, sitataja jina. Baba amepoteza kazi na anamficha mkewe. Kila asubuhi anavaa tai anaenda kukaa Adams. Mke anajua, ananyamaza tu. Tuwabebe."

Sitataja jina! Katika ule ushirika kuna fundi bomba, mwenye bucha, waendesha bodaboda wawili na sisi akina mama. Tai ni moja, na ilikuwa imekaa kando yangu imeshika kikombe. Watu wakaguna, "Bwana, wahurumie," kila mmoja jicho moja amefumba, la pili liko kwenye shingo ya mume wangu. Mwakio hakumtazama Mama Shiro. Alinitazama mimi.

Tulipofika mlangoni akauliza, "Tangu lini?"

"Mwezi wa nne. Nilikwenda Adams kununua zipu, nikakuona."

"Na ulikuwa unanifungia chakula?"

"Kwani anayekaa Adams hasikii njaa?"

Alitaka kukasirika, nikamwona anatafuta pa kuanzia, akakosa. Mwishowe akasema, "Mimi nilikudanganya wewe peke yako. Wewe umenipeleka kwa watu."

Kesho yake nikaenda kwa Mama Shiro, mimi na yeye tu, kama Maandiko yanavyoagiza, ingawa mlango niliugonga kwa namna ambayo Maandiko hayakuagiza.

"Lakini dadangu," akasema, "si sikutaja jina?"

"Ulitaja tai."

"Nilisukumwa na mzigo wa maombi."

"Mzigo ulikuwa wangu, Mama Shiro. Tangu uutue mbele ya watu, nani amekuja kuuinua? Kuna hata mmoja aliyemuuliza Mwakio anajua kazi gani?"

Akanishika mkono, ati tuombe. Nikamwambia leo sikuja kuomba, nimekuja kusema. Nilirudi na hasira, na nusu yake ilikuwa juu yangu mwenyewe. Mara ngapi nimeitikia amina kwa "dada fulani wa Waithaka," halafu njia nzima ya kurudi nikawa nabahatisha ni nani?

Juzi Ijumaa nilidhani Mwakio hatatoka kwenda ushirika. Akavaa shati bila tai, akaniambia twende. Maombi yalipofika akasimama.

"Ile familia ni yangu. Jina ni Mwakio, naona mlisahau kulitaja. Nilimdanganya mke wangu miezi mitatu na nimemwomba msamaha, na yeye ameniomba. Stoo nimeshika miaka kumi na moja, nikiachiwa funguo hakipotei kitu. Mwenye kusikia kazi aniambie mimi. Mungu nimeshamwambia."

Dada, siku hiyo vikombe vilitazamwa! Mama Shiro alifungua mdomo, akaufunga bila kutoa kitu, muujiza wa kwanza kuushuhudia katika nyumba ile. Fundi bomba ndiye aliyesema, "Mwakio, si ungesema mapema? Jumatatu twende kwa mtu wangu mwenye duka la hadiwea huko Waithaka. Siahidi, lakini twende."

Jumatatu ni kesho. Shati nimelipiga pasi. Tai nimeikuta jikoni, ameitumia kufungia ule mlango wa kabati usioshika.

Nisalimie Mama, mjomba wetu mfuga nyuki, na binamu anayefundisha watoto wa shule ya Jumapili. Ukiulizwa, sema sisi ni wazima, huo si uongo. Ila barua hii usiende nayo kwa akina mama wa kanisa. Ukitaka kutuombea, tuombee kwa majina yetu yote mawili, mlango ukiwa umefungwa.

Mimi mdogo wako,
Wakesho