Mtoto wa Kumi kwenye Orodha

Mama Orlena, nisaidie kabla Jumanne haijafika. Mimi ni msomaji wako tangu nikiwa msichana, marehemu mama yangu alikuwa akikata safu yako gazetini kwa mkasi na kuibandika kwenye mlango wa friji, na leo nakuandikia mwenyewe kwa sababu nimefanya jambo baya na sasa jambo lenyewe limeanza kunijibu.

Nafanya kazi katika sekondari ya bonde letu huku milimani Kentucky, si mwalimu hasa, ni msimamizi wa kozi za chuo, maana siku hizi watoto wa miaka kumi na sita na kumi na saba wanasoma masomo ya mwaka wa kwanza wa chuo wakiwa bado sekondari, bure kabisa, na alama zao zinahesabika wakienda chuoni, na kwa bonde ambalo chuo cha karibu kiko nyuma ya mlima, mwendo wa saa nzima kwa gari, hiyo ni neema kubwa. Mhadhiri wetu Daktari Ahlgren hatujawahi kumshika mkono, yuko kwenye skrini kubwa ukutani, katika chumba kilichokuwa cha mapishi zamani, na kila Jumanne na Alhamisi saa nne kasorobo asubuhi watoto wanakaa katikati ya yale majiko ya zamani wanafundishwa kuandika insha, na mimi naita majina na kuweka alama. Mtoto akiumwa hujiunga kutoka nyumbani kwa kompyuta aliyopewa na shule, na asipowasha kamera anaonekana pembeni mwa skrini kama mraba mdogo mweusi wenye jina lake.

Chuo kina sharti moja, darasa likiwa na watu chini ya kumi linafungwa. Sisi tulikuwa kumi kamili, na wa kumi alikuwa Raelynn Stidham, mtoto wa pekee wa Misty, yule anayetandika vitanda kwenye nyumba ya wazee, na nilikwenda kwao mwenyewe, nikakaa jikoni kumwomba mama mtu akubali, kwa sababu alikuwa hataki, aliniambia, "Chuo ni mambo ya watu wa mjini, atarudi hapa aniangalie kama mjinga," nami nikacheka nikamwambia, "Misty, acha hizo bwana, weka sahihi tu, nitamwangalia kama wangu," akaweka sahihi.

Mwezi wa pili ulipofika kulikuwa na mtihani wa kwanza, na mtihani ule lazima ufanyiwe chuoni kwenyewe, nyuma ya mlima, ndiyo kanuni, basi la shule halikupatikana nami nikawaambia waende kwa magari yao, na asubuhi ile barabara ilikuwa na barafu, nikamshika Raelynn mlangoni nikamwambia, "Endesha polepole, mtihani hautakimbia," akasema, "Haya, mama," akaondoka, na hakufika hata kwenye kona ya tatu.

Siku ya mazishi nilipika bakuli la viazi na jibini kama kila mtu, nikabandika jina langu chini ya bakuli kwa plasta kama tufanyavyo sote ili chombo kirudi kwa mwenyewe, lakini sikuweza kumwangalia Misty usoni, nikaliacha barazani kwake bila kugonga nikakimbilia gari. Wenzangu wote wamesharudishiwa vyombo vyao. Mimi bado.

Wiki iliyofuata nilitaka kufuta jina, mkuu wa shule Bwana Fugate akanizuia, akasema, "Usiliguse kwanza. Chuo kinahesabu Ijumaa, tukiwa tisa wanafunga, na hao tisa wanapoteza kila kitu." Nikamwambia, "Mkuu, mtoto yuko kaburini." Akasema, "Najua aliko, nilibeba jeneza. Weka alama." Nikaweka alama ya yupo. Ijumaa ikapita, nikadhani yameisha, lakini mtu akikosa mara nne kompyuta ya chuo inamfuta yenyewe, kwa hiyo Jumanne nikaweka tena, na Alhamisi tena, kila nikifika jina lake siliti, naandika tu yupo, na Mungu ananiona.

Wiki ya tatu, nimeliandika hivyohivyo, mraba ukatokea ukutani. Mweusi. Raelynn Stidham. Daktari Ahlgren ambaye hajui lolote akasema, "Karibu tena Raelynn, tulikukosa," na saa nne ilipogonga kamili tukasikia kutoka kwenye ule mraba sauti ya bundi, Mama Orlena, bundi, mchana kweupe, akalia mara kadhaa akanyamaza. Nilisimama nizime skrini, Jaycee anayekaa meza ya mbele akanishika mkono akaniambia, "Mwache, mama. Anasikiliza tu."

Tangu hapo haachi, na watoto sasa wanamsalimia wakiingia, "Mambo, Rae," kama vile amekaa pale, na kiti chake hakuna anayekikalia, na kila saa nne bundi analia na hakuna anayeinua kichwa isipokuwa mimi. Insha zake zinafika. Ya kwanza ilihusu kutandika kitanda cha mtu aliyekufa alfajiri, nimeisoma mara nyingi mpaka maneno nimeyashika, anasema, "Nikakunja ncha ndani, nikapigapiga mto mpaka pasionekane kwamba mtu aliwahi kulala hapo, nikaona nimemkosea adabu." Ya pili kichwa chake ni Mtihani Hautakimbia. Nilipokiona nilifunga kompyuta. Maneno yale nilimwambia yeye peke yake mlangoni.

Usiniambie ni mama yake, hilo nililifikiria. Alhamisi moja Misty alikuja shuleni kuchukua vitu vya kwenye kabati la marehemu, nikaitwa nisaini, tukasimama naye kwenye korido amekumbatia boksi, na kupitia kioo cha mlango niliuona mraba uko palepale ukutani, na ile alama ya mkono ya anayetaka kuuliza swali ikapanda. Daktari Ahlgren akasema, "Ndiyo, Raelynn?" Bundi akalia. Misty alikuwa hatua mbili kutoka kwangu na mikono yake yote miwili iko kwenye boksi.

Sasa Daktari Ahlgren ametangaza kwamba Jumanne kila mtu atawasha kamera na kusoma insha yake kwa sauti, na Raelynn ataanza, kwa sababu ndiye bora. Kitatokea nini kwenye ule mraba? Nikisema ukweli darasa linafungwa na watoto tisa wanapoteza kozi, na bonde hili halitapewa nyingine. Nikinyamaza, Jumanne itafika. Sili, silali, nifanye nini?

Mwenye Orodha, Kentucky


MAMA ORLENA ANAJIBU

Mwenye Orodha, pole. Naanza na pole kwa sababu hakuna aliyekupa, wala wewe hukujipa. Ulimpenda mtoto yule na ulimtuma barabarani, na yote mawili ni kweli, na utaishi nayo yote mawili. Haya, pole imekwisha, sasa nisikilize.

Unamwogopa bundi. Mwanangu, kuna saa za ukutani zenye picha za ndege kumi na wawili, kila saa ndege wake analia. Mimi ninayo jikoni, nilipewa na mama mkwe, na siku nikiiona imekufa nitafanya sherehe. Saa nne kwangu ni bundi. Wewe ulikaa jikoni kwa Misty ukimbembeleza atie sahihi, na hukuinua macho kuona ukutani kuna nini. Ulikuwa unatazama karatasi.

Na ile insha. Msichana wa miaka kumi na saba amejifunzia wapi kutandika kitanda kilichotolewa maiti asubuhi hiyo? Umeniandikia mwenyewe kazi ya mama yake, kwa mkono wako, ukurasa mmoja kabla. Na maneno yako ya mlangoni, unadhani mtoto akiwasha gari na anaogopa barafu hampigii mama yake simu? Alimpigia. "Mama, wamesema mtihani hautakimbia." Pengine hilo ndilo neno la mwisho Misty alilolisikia kwa binti yake, na ni lako.

Kwa hiyo ndiyo, ni mama yake. Yule uliyemwambia aache hizo. Anaketi jikoni Jumanne na Alhamisi mbele ya kompyuta ya mtoto, anasikiliza alichokuwa akisikiliza mtoto, na anaandika vizuri kuliko watoto wenu wote. Wewe uliandika yupo, naye akaja.

Unaniuliza na ule mkono uliopanda huku Misty yuko koridoni? Kompyuta aliiacha wazi mezani jikoni, bundi ameshatuambia hivyo. Aliyeinua mkono simjui. Hilo sina jibu lake na sitakutungia. Kamwulize Misty. Kama naye hajui, mtaogopa wawili, na hiyo ni nafuu kubwa kuliko kila mmoja kuogopa peke yake nyumbani kwake.

Sasa kazi. Mpigie simu Daktari Ahlgren leo, kabla ya Jumanne, umwambie Raelynn amekufa tangu mwezi wa pili. Sema amekufa, usitafute neno laini. Utaona aibu, vumilia. Halafu nenda kwa Bwana Fugate, umwambie orodha unairekebisha na kwamba utasema nani alikuamuru, na kama anaweza kubeba jeneza anaweza kubeba na hilo.

Darasa likifungwa, lifungwe. Lakini usilikabidhi kirahisi. Vyuo kama hicho vinapokea watu wazima, na kiti cha kumi kinaweza kukaliwa na mtu mwenye pumzi kwa jina lake mwenyewe, akitaka. Akikataa usimbembeleze, ulishambembeleza mara moja. Na mkifika mbele ya wakubwa wa chuo, waambie mtihani uje bondeni. Wanajisifu kwamba wamewaletea watoto chuo. Wameleta skrini. Mlima wamewaachia watoto wauvuke wenyewe kwenye barafu, na hilo nimekasirika nalo tangu nilipoanza kusoma barua yako na nitaendelea kukasirika.

Watoto waambie wewe mwenyewe, usimwachie mkuu. Jaycee atalia. Mwache alie, na kiti kile msikiondoe siku hiyo.

Majina nimeyabadilisha yote, lakini bundi nimemwacha, na mwenye kujijua atajijua. Gazeti hili linaingia kwenye masanduku ya barua Jumamosi asubuhi. Unalisoma sasa na kahawa yako. Misty naye analo sanduku, na pengine ameshafika kwenye aya hii. Kwa hiyo weka kikombe chini, chukua ufunguo wa gari, uende.

Safari hii gonga mlango. Akifungua, usianze na kozi, wala orodha, wala usimwombe msamaha papo hapo kizingitini kama mtu anayetaka kumaliza haraka. Mwambie umefuata bakuli lako. Milima hii naijua, nimezaliwa humu, na hakuna mwanamke anayesahau kurudisha chombo cha msiba. Amewarudishia wote. La kwako ameliosha, amelifuta, jina lako liko chini kwa plasta, na ameliweka mahali anapoliona akiwa ameketi kwenye ile meza, anasubiri uje kulichukua.