Wanne Juu ya Gogo

Kwako Baba Nabwire,

Pokea salamu za mkeo kutoka huku Australia. Kifua chako kimepona? Na Nabwire, bado anakataa uji? Mimi ni mzima, na leo nina furaha ambayo siwezi kukaa nayo peke yangu.

Uliniuliza hifadhi yetu ikoje. Ni msitu wa mikaratusi mitupu, kama ile ya karibu na kiwanda chenu hapo Muhoroni, ila hii ni ya zamani sana, na chini ni pakavu hata majani yanalia ukikanyaga. Humo tuliachilia numbati, mnyama mdogo mwenye mistari mgongoni, ambaye mbweha walikuwa wamemmaliza. Chakula chake ni mchwa. Nilipowaambia wenzangu kwamba sisi pia tunakula kumbikumbi, walicheka, halafu wakauliza tunawakaanga vipi.

Jambo moja nilikuficha. Tangu tuwaachilie, hatukuwa tumeona mtoto wao hata mmoja. Mkubwa wetu, mama mkali anayeitwa Joan, aliniambia, "Akoth, tusipoona watoto kabla ya kiangazi, mradi utafungwa, na wewe utarudi kwenu." Nikakumbuka maneno ya ndugu zako, kwamba nimeacha mtoto nikafuata panya ng'ambo. Nilichukua darubini nikarudi msituni.

Jumanne, jua likiwa limepanda, nilikuwa nimekaa mbali kidogo na gogo lenye shimo. Jike akatoka, akanusa hewa. Nyuma yake kikatoka kichwa kidogo, halafu kingine. Walikuwa wanne, Baba Nabwire, kila mmoja na mistari yake, wakaota jua huku wakipandana migongoni. Nilikaza darubini mpaka ikaniumiza jicho.

Nikamwita Joan kwa redio. "Njoo. Gari liache mbali."

Alikuja akinyata. Akatazama, kisha akakaa chini kwenye majani, akalia. Nami nikalia.

"Umewapata," akasema.

"Tumewapata."

"Hapana, Akoth. Sisi wengine tulishaacha kutafuta."

Mradi unaendelea, na upande wote wa kusini nimepewa mimi niusimamie. Tena wamenipa likizo. Krismasi nitakuwa nyumbani.

Nisalimie mama mkwe wangu huko Port Victoria, dada yako fundi cherehani wa Kisumu, na jirani anayetulelea mtoto. Siku hiyo njoo na Nabwire kunipokea. Asiponitambua, usimsukume. Nitakaa chini nimngoje.

Ni mimi wako,
Mama Nabwire