Koplo Rutaihwa Anauliza

Kishanda, Muleba
Jumatatu, 4 Machi 2024. Asubuhi mvua nyepesi, ukungu hadi saa tatu.

Mdogo wangu Padri Joackim,

Tumsifu Yesu Kristo. Umeamkaje huko kwenye zoezi la jeshi? Mimi mzima, Tata si mzima. Kwa kuwa simu zenu zimekusanywa, nakuandikia. Hospitali wamemrudisha baba yetu nyumbani, na cheti kimeandikwa "Koplo Rutaihwa" kama alivyotaka. Daktari alinitoa nje akaniambia ni ini, tuhesabu wiki.

Nilitaka kumwita Padri Datius wa parokia ampe Mpako wa Wagonjwa. Tata akasema, "Huyo Kanzu akanyage kibanja changu na migomba yangu aone. Mzee Mafuta haingii humu." Ndivyo askari wa vita vya Kagera walivyomwita padri wa jeshi, unajua. Lakini rozari anasali kila siku. Njoo wewe. Sitaki afe bila sakramenti.

Dada yako,
Klaudia

Kambini, 14 Machi 2024

Dada Klaudia,

Milele amina. Mimi mzima, pole kwa kuuguza. Ruhusa hakuna kwa sasa. Na nikija nitaambiwa nini? Siku ya kwanza nilipofika nyumbani na magwanda, nikiwa padri wa kikosi, Tata alinipigia saluti mbele ya wageni: "Afande Amina! Umekuja kumzika nani?" Watu wakacheka, nikapanda gari nikaondoka. Mwaka wa nne huu.

Fanya hivi: Padri Datius aje na nguo za kawaida, aanze kwa mazungumzo tu. Mafuta yakae mfukoni.

Mdogo wako,
Joackim

Kishanda, 25 Machi 2024. Mawingu, hakuna mvua.

Mdogo wangu,

Habari za huko, na kifua chako? Padri Datius alikuja juzi amevaa fulana, tukasema ni bwana shamba kutoka kituo cha kilimo cha Maruku. Tata akamuuliza mgomba wenye mnyauko unakatwaje. Padri akababaika. "Toa mafuta yako mfukoni, Kanzu," Tata akasema, "yasije yakakuharibia suruali." Padri akaaga.

Alipoondoka, Tata akalia. Sijawahi kumwona akilia. Akanieleza kwamba mwaka sabini na tisa, njia ya Masaka, rafiki yake Kashaija alipigwa risasi ya tumbo. Askari waliamini Mzee Mafuta akikupaka hufiki asubuhi, kwa hiyo walikuwa wakiwaficha majeruhi wao asiwaone. Padri huyo wa jeshi alipokuja, Tata akamwambia, "Huku hakuna mtu, afande. Nenda kule." Kashaija alikuwa nyuma ya ukuta, anajaribu kumwita padri. Tata alikuwa ameshamwachia askari mwingine kazi ya kumziba Kashaija mdomo. Kashaija alikufa kabla ya jua kuchomoza.

"Mimi nitapakwaje?" akaniuliza. "Muulize Joackim. Aliyemnyima mwenzake, anaweza kupewa? Hawa wa parokia siwaulizi. Yeye ni wa jeshi."

Anangoja jibu lako. Andika upesi.

Dada yako,
Klaudia

Kambini, 3 Aprili 2024

Dada,

Nakusalimu, nawe umsalimu Tata. Nimesoma barua yako mara tatu. Sikujua. Nimepata ruhusa, nitafika Bukoba tarehe 20 na siku hiyohiyo nitakuwa Kishanda. Jibu la jambo kama hili siwezi kuliandika. Nitampa kwa mdomo, nimemshika mkono. Mwambie anisubiri.

Mdogo wako,
Joackim

Kishanda, Jumapili, 14 Aprili 2024. Mvua kubwa tangu alfajiri.

Mdogo wangu,

Pole sana. Tata alifariki Alhamisi saa nne asubuhi, jana tumemzika kibanjani. Nilipiga simu kikosini kwenu, wakasema watakufikishia ujumbe. Sijui kama umeupata.

Barua yako ilifika Jumatano. Macho yake yalikuwa yamekwisha. Akauliza, "Anasema nini?" Nikaisoma kimya kwanza. Nikaona tarehe 20, nikamtazama yeye. Ndipo nikasoma kwa sauti: "Tata, anaweza kupewa. Hata wewe."

"Soma tena."

Nikasoma tena, maneno yaleyale, nimekodolea macho karatasi ambamo hayamo.

"Kaandika kwa mkono wake?"

Nikasema ndiyo. Akaniruhusu kumwita Padri Datius. Asubuhi yake alikuja na kanzu, na Tata mwenyewe akafungua viganja apakwe. Hakumaliza hata saa nzima baada ya hapo.

Joackim, nimemsindikiza baba yetu kwa uongo, tena kwa jina la padri. Tarehe 20 utaniambia kama nilichomsomea ni kweli. Kama si kweli, usije.

Watu wa msibani wameondoka, vyombo nimeosha. Tangu Jumatano sijafumba macho. Nakwenda kulala sasa, saa nane na robo mchana.

Dada yako,
Klaudia