Simu Uliyoijibu kwa Niaba Yangu

Kansas City,
Jumanne, 17 Oktoba 1989

Kwako Baba,

Pokea salamu zangu, wewe na Mama. Natumai goti lako limetulia kabla baridi ya Nebraska haijashika, na kwamba jirani amevuna mahindi yake bila mvua kumtia hasara. Mimi mwili ni mzima, nakula na nalala. Moyo ndio unaochemka. Barua hii nimeiandika mara nne na kuichana mara nne, maana kila nilipofika kwenye neno "Baba" kalamu ilitoboa karatasi.

Niko mwezi wa tano hapa kwenye shirika la ndege. Wiki iliyopita, wakati wa chakula cha mchana, alikuja kukaa mezani kwangu Bi Doreen Pickett, yule mama anayewapigia marubani simu kuwaita darasani. Mwanamke mcheshi, anamkumbuka kila mtu. Akaniuliza kama baba yangu hajambo. Nikamwuliza amemjulia wapi. Akacheka, akasema mbona alishaongea naye kwenye simu, kwa ile namba ya nyumbani kwenu niliyowapa, mzee muungwana kweli, sauti kama ya mtangazaji wa redio. Mzee huyo alimwambia kwamba Dwight anashukuru sana, ila ameshapata kazi ya kudumu kwenye kikosi cha akiba cha jeshi la anga, nafasi yake apewe mwingine. Hiyo ilikuwa Machi ya mwaka jana. Basi wakaniteremsha mkiani mwa orodha.

Kazi ya kudumu ipi, Baba? Machi ile mimi nilikuwa kibarua wa kikosi. Nilirusha siku mbili wiki hii, sifuri wiki ijayo, nikiokoteza safari ambazo wenye ajira hawakuzitaka. Nafasi ya kudumu haikuwapo hata moja, na wewe, kanali mstaafu unayekunywa kahawa na wakubwa wote wa pale, ulilijua hilo kuliko mimi.

Wewe huwadharau marubani wa abiria, unawaita madereva wa basi waliofunga tai. Sawa. Lakini unajua vizuri maisha ya dereva huyo wa basi yanavyopangwa. Siku unayoingia unapewa namba ya foleni, na namba hiyo ndiyo mungu wako mpaka ustaafu. Ndiyo inayoamua lini utakuwa kapteni, Krismasi gani utalala kwako, na kazi ikipungua nani atakuwa wa kwanza kurudishwa nyumbani. Miezi kumi na minne uliyoniibia imewaweka watu mia tisa mbele yangu. Hawatatoka hapo hata nikiwa mtakatifu.

Na kinachoniunguza zaidi ni Jumapili zako. Kila Jumapili tulipokuja kula, ulinimegea mkate wa nyama na kabichi wa Mama, ukaniinamia kwa huruma na kuniuliza, "Bado hawajapiga tu, mwanangu?" Nami nikakujibu, "Bado, afande." Ukatikisa kichwa. Ukasema ndivyo walivyo, hawana shukrani. Uliwezaje, Baba? Ulitafunaje chakula kile?

Sasa sikiliza la pili. Alhamisi alinipigia Kanali Stroud, mkuu wa kikosi. Nafasi ya kudumu imepatikana, ya kweli safari hii, na anataka kunipa mimi. Nijibu kabla ya Ijumaa hii. Akaropoka kwamba umeshampigia mara tatu kumkumbusha. Mara tatu! Mtu hajifunzi?

Usidhani kwamba naidharau kazi ile. Naipenda. Napenda kushuka chini na ndege ya mizigo mlango ukiwa wazi, napenda mafuriko yakija tuwe sisi tunaopeleka mablanketi, napenda kurudi nyumbani kwa Marcia na watoto saa kumi na moja jioni. Napenda hata matusi ya mafundi. Ningeweza kusema ndiyo Alhamisi ileile na kuiacha namba yangu ya foleni hapa, wala nisingejuta. Kwa siku tatu niliamini kwamba nasita kwa sababu yako tu, kwamba sitaki kukupa raha ya kushinda.

Haikuwa hivyo. Hasira ya kuonewa huwa inafika mahali inachoka. Hii yangu haikuchoka, ilizidi kunipanda, mpaka Jumamosi nilipokubali inatoka wapi. Kwa hiyo kaa vizuri unisikilize.

Unamjua Randy Kucera. Tulisomea urubani pamoja, na siku ya harusi yangu ndiye aliyesimama nami. Yeye naye alikuwa kibarua kama mimi, na aliomba shirika hilihili. Kwa kuwa kutwa alishinda kikosini, namba ya simu aliyowapa ilikuwa ya meza yetu ya zamu. Mwezi wa Mei mwaka huu, Jumatano asubuhi, zamu ilikuwa yangu. Simu ikalia. Ni Bi Pickett, ingawa wakati huo sikumjua. Kiti kimoja kimebaki, darasa ni Jumatatu, anamtafuta Randy Kucera na anataka jibu kabla ya adhuhuri.

Randy alikuwa angani, anadondosha mizigo ya mazoezi. Redio ilikuwa mezani, karibu yangu kama kikombe cha kahawa. Maneno mawili tu yangetosha.

Nilimwambia Randy haji, ameamua kubaki kikosini.

Nikasikia anakata jina. Kisha akasema anayefuata ni Haverkamp, je, namfahamu? Nikamwambia ndiye mimi.

Randy alitua, akaingia jasho likimtoka, akauliza kama kuna aliyemtafuta. Nikasema hakuna. Nilipotangaza kwamba nimeitwa, alinikumbatia akaninyanyua juu, akawanunulia bia marubani wote. Agosti shirika likafunga madarasa, na haijulikani yatafunguliwa lini. Mtoto wake wa pili amezaliwa, na mkewe Connie amerudi kiwandani kufunga nyama.

Kwa hiyo, Baba, mtoto wa nyoka ni nyoka. Tena mimi nilifanya hayo kabla sijajua kwamba nilishafanyiwa. Hukunifundisha. Nilikuwa nayo tayari.

Namba niliyo nayo hapa ni ya Randy, na haiwezi kurudishwa. Ukiiacha inapotea, hapewi mtu. Na ile nafasi ya kudumu, nikiichukua, anayeachwa nje ni Randy huyohuyo, maana baada yangu ndiye anayestahili. Nikakuta kila kiti ninachotaka kukalia nakalia mapaja ya mtu mmoja.

Jana asubuhi nilimpigia Kanali Stroud nikakataa. Nikamtaja Randy, na nikamweleza sababu, yote. Akasema Randy ataitwa siku hiyohiyo, na kwamba mimi nisikanyage tena kikosini, hata zile siku mbili za zamu ya akiba kila mwisho wa mwezi. Vitu vyangu ataniletea fundi kwa gari. Basi hilo ulilolipigania kwa kuniibia na kwa simu zako tatu, mwanao kuvaa sare ileile uliyoivaa wewe, katika chumba kilekile, limekwisha. Hakuna wa kumpigia.

Kisha nikampigia Randy mwenyewe. Nilimweleza ya kwangu, na kwa woga nikamweleza na ya kwako, nadhani nilitaka anionee huruma. Hakupiga kelele, ingawa kelele ningezipokea. Alisema nafasi ataichukua, ila nisijidanganye kwamba nimempa mimi. Halafu akasema: "Mzee wako alikufanyia hivyo kwa kuwa anakupenda, bwege yule, alitaka akuone karibu. Wewe mwenzangu, mimi ulinifanyia kwa nini?" Akakata.

Nimeona aibu kugundua kwamba kati yetu wawili wewe ndiye mwenye udhuru. Lakini udhuru si msamaha, na msamaha wangu sijauona popote. Nikiuona nitakuandikia.

Marcia na watoto hawajambo, wanawasalimu. Krismasi sitakuja, wageni wa foleni ndio wanaorusha siku hiyo. Msalimie sana Mama. Najua barua zangu humsomea kwa sauti baada ya chakula. Hii pia msomee, tangu juu mpaka chini, bila kuruka mstari hata mmoja.

Ni mimi mwanao,
Dwight