Kwanza Tukae, Baba

Baba yangu kipenzi,

Nimefika kwa wageni wako. Miaka yote uliwaeleza Waitaliano habari za Malindi kwa lugha yao, na hukujaaliwa kuiona Italia hata kwa dirisha la ndege. Mimi mwanao nimeikanyaga, mkoba wa mtoto begani na kofia ya madam mkononi. Mtu wa kwanza niliyetaka kumsimulia ni wewe, nawe hupo.

Nakuandikia kutoka Karama, hapa Dubai ninakofanya kazi, kwenye kitanda cha Nakato, rafiki yangu Mganda anayefanya kazi ya ulinzi. Kwake ndiko ninakoshinda siku yangu ya mapumziko. Kesho jioni madam anataka jibu langu: nitie saini mkataba mwingine wa kumlea bintiye Layan, au nirudi nyumbani. Jibu ninalo. Ila nataka ulisikie wewe kabla yake, na ujue limetoka wapi.

Unakumbuka ulivyokuwa ukifanya kazi yako? Wenzako waliwachukua wageni hotelini, wakawapeleka magofu ya Gede, wakawapeleka makorongo ya Marafa, picha, gari, picha, gari, hao wamerudi kuogelea. Wewe ulikuwa na mambo yako. Mgeni akitoa kamera tu pale kwenye magofu, unamzuia kwa adabu, mkono kifuani, unamwambia, "Picha baadaye. Kwanza tukae." Na mnakaa kweli, juu ya ukuta wa watu waliokufa zamani, kimya, mpaka mgeni aanze kuuliza mwenyewe. Mimi likizo za shule nilikuwa nikifuatana nawe, na subira sikuwa nayo, ukinipa kashata ninyamaze.

Wala siku haikuisha mpaka uwalete nyumbani. Hilo ndilo wenzako walilolicheka. Unawapitisha kwenye kichochoro chetu cha mtaa wa Shela, unapiga hodi kwenye mlango wako mwenyewe, nao nyuma yako wanasema permesso, hodi ya kwao. Mama ameshatandika jamvi chumba cha mbele. Wanavua viatu, soksi zinanuka, hakuna anayejali, wanakula mahamri kwa mbaazi na kunywa kahawa ya tangawizi mpaka jasho linawatoka. Wakiondoka wanakuambia, nawe njoo kwetu. Ulikuwa ukicheka, unawajibu kwamba utakuja. Halafu jioni unanikalisha na kunifundisha Kiitaliano chako, neno moja moja, nami nikidhani unapoteza wakati tu.

Basi mwaka huu madam na mumewe, sir, walikodi nyumba Amalfi, huko huko Italia. Mji wote umepandishwa juu ya jabali, Baba, ngazi tupu, na bahari iko chini miguuni. Kila kukicha kuna pa kwenda. Mwongozaji anakuja na mwavuli wa manjano uliokunjwa, anauinua juu ya kichwa, nasi nyuma yake kama vifaranga. Kanisa, kisha sir anasema yalla, twendeni. Duka la vyungu, yalla. Positano, mji wa jirani, tulipata nafasi ya kulamba aiskrimu, nayo tuliilamba tukitembea. Yule mwongozaji alikuwa anaijua kazi yake, siwezi kumsema. Lakini hata siku moja hakukaa chini, na sisi hatukukaa.

Lile pango la samawati la kisiwani ulilokuwa ukinisimulia nimeliingia. Hukuniambia kwamba watu wanalala! Mlango wake ni mdogo, uko juu ya maji kidogo tu, kwa hiyo kwenye kile kiboti mnalala chali wote, mmoja juu ya miguu ya mwenziwe. Sir alimlalia madam, madam akanilalia mimi, Layan akacheka mpaka akapaliwa. Ndani maji yanawaka kwa chini. Ulivyosema ndivyo, na wewe hukuyaona, uliambiwa tu na watu waliokuwa wamekaa kwenye jamvi lako. Kabla sijamaliza kushangaa, mpiga makasia alikwisha geuza, maana wengine walikuwa wakingoja nje. Nililia. Madam alidhani ni kichefuchefu, akanipa mfuko wa plastiki.

Lakini siku ninayotaka kukusimulia ni nyingine. Tulipanda kijiji cha juu, kwenye mashamba ya malimau, na mwavuli wa manjano ulikuwa umetangulia mbali. Layan akanivuta nguo, akaniambia ameshikwa na mkojo. Wewe wajua sisi tulivyo. Mtoto akibanwa njiani unapiga hodi mlango wa karibu, na nani atakunyima choo? Nikaona mlango uko wazi, una pazia la shanga. Nikaita permesso kwa sauti ile uliyonifundisha. Ndani kikongwe akaitikia tuingie, tukaingia.

Alikuwa amekaa mezani akitoa maharagwe kwenye maganda yake. Akatuonyesha choo, tukatoka, nikashukuru ili tuondoke, akanisukumia kiti. Akaniuliza ninatoka wapi. Malindi alikuwa hajawahi kuisikia hata jina, nami nikamweleza iliko, huku anatuchanganyia maji ya limau. Layan akavuta maganda na kuanza kumsaidia. Mtoto huyu ambaye nyumbani hawezi kukaa dakika bila simu ya mamake alikuwa ametoa ulimi nje, anahesabu punje.

Ndipo nikasikia madam analiita jina la mtoto kichochoroni, sauti imempasuka. Akaingia uso umepauka kwa hofu. "Unamwingizaje binti yangu kwa watu usiowajua?" akaniuliza kwa Kiingereza. Alikuwa na haki ya kuogopa, mtoto ni wake, na nilimwomba radhi pale pale. Lakini bibi wa watu alikuwa ameshavuta kiti cha tatu, anakipangusa kwa aproni. Madam akabaki amesimama. Nikajisikia namwambia, na sauti si yangu, ni yako kabisa:

"Madam, kwanza tukae."

Akakaa. Alikaa ukingoni, mkoba magotini, lakini alikaa, na maji yale aliyanywa yote. Bustani tuliyokuwa tumeipandia kijiji hatukuiona.

Tuliporudi Dubai, nyanya yake Layan akampigia, akamuuliza ameona nini huko Italia. Mtoto hakutaja pango, wala kisiwa, wala kanisa hata moja. Alisema, "Nilimsaidia bibi maharagwe." Madam alikuwa jikoni, alisikia, akanitazama. Na mimi hapo hapo moyo wangu ukakata shauri, Baba. Nilijua ulichokuwa ukiwapa watu wale, na nilijua kwamba mimi naweza kukitoa.

Kwa hiyo sitii saini. Kesho nitamwambia madam kwa heshima, maana hajanifanyia ubaya, na nitakaa mpaka apate mwingine. Layan nitamlilia, hilo nalijua. Kisha narudi Malindi, nasomea beji, kile kibali cha kuongoza watalii, na nitawachukua wageni wale wachache watakaokubali kwenda polepole. Nakato amenisema asubuhi nzima. Anasema hapa nina uhakika, kule kuna msimu wa wageni, na msimu ukiharibika nitakula nini. Nimemjibu nitakula mbaazi. Hakucheka, na ana sababu, kwa sababu hata mimi naogopa. Nitakwenda hivyo hivyo na woga wangu.

Kilichonitia haraka ni mama. Wiki iliyopita aliniambia chumba cha mbele anampa fundi simu, na tayari kijana ameshaleta meza yake. Chumba kile, Baba! Leo nimempigia nikamwambia asimpe. Mama unamjua kwa maneno yake makali. Nikajipanga kuyapokea.

Akaniuliza nitarudi na nani wa kukaa humo. Nikamwambia narudi peke yangu, wageni watafuata. Akaguna, akakata simu.

Sasa hivi, nikiwa katikati ya barua hii, ameniletea picha kwenye simu. Ni ua wetu, jua kali, na jamvi lako limeanikwa ukutani. Chini yake ameandika kwamba fundi ameichukua meza yake, na kwamba jamvi limechakaa ukingoni lakini litakalika.

Nimeitazama picha hiyo mpaka Nakato akaniuliza nina nini. Nimemwambia sina kitu, ninakwenda nyumbani. Lala salama, Baba. Nitapiga hodi mwenyewe mlangoni kwako, na watakaokuwa nyuma yangu nitawaambia picha baadaye.

Ni mimi, binti yako wa kashata