Upande wa Lori Nilikokaa Mimi

Mlingotini, Bagamoyo

Kwa mdogo wangu Shomari, Kilwa Kivinje.

Marahaba, mdogo wangu, marahaba sana. Barua yako imeanza kwa shikamoo, na shikamoo ya mdogo haikataliwi hata kama yanayoifuata ni matusi. Mguu wako uliochomwa na mwiba wa samaki taa umepona? Mkeo bado anakohoa? Mimi mwili mzima. Moyo usiniulize.

Uliyoyasema nimeyasikia yote. Umesema arobaini ya mwanangu Zuhura imekwisha, basi nimchukue mtoto nije naye Kivinje, maana wewe ndiye mjomba na neno ni lako. Umesema mwanamume aliyeshindwa kuliamsha lori lake hali mkewe anamwaga damu si mume, ni mwuaji, na mjukuu wetu halelewi na mwuaji.

Kabla sijakujibu, ujue anayeniandikia barua hii ni Athumani, mkwe wako huyo huyo. Ndiye aliyenisomea na yako. Alipofika penye "mwuaji" alisoma kama alivyosoma mengine, hakuruka. Yeye yuko barazani na kalamu, mimi nimo ndani nyuma ya kiambaza. Tunasemezana siku hizi, lakini macho bado hatujayazoeza. Nimemwambia aandike kila nitakalosema, hata likimchoma.

Sasa nisikilize, wewe uliyekuwa mbali.

Zuhura alijifungua alfajiri. Mtoto wa kike, akalia vizuri, tukapiga vigelegele. Kumbe kondo la nyuma limekataa kutoka. Bi Tatu mkunga akamkanda, akamkalisha, akampa chupa apulize apate kusukuma, wapi. Damu ikawa inakuja, si ya kutisha, lakini haikomi. Bi Tatu akaniambia, "Hapa mimi mwisho wangu. Hospitali, Bagamoyo, sasa hivi."

Lori la tajiri anayemwajiri Athumani lilikuwa limelala hapa hapa, limejaa magunia ya mbata, nazi kavu. Athumani na wapagazi wawili wakatupa magunia chini, tukamlaza Zuhura kwenye godoro, tukaondoka jua linachomoza.

Lori lenyewe ni la dizeli, kikongwe kama mimi, tajiri kalinunua juzijuzi. Athumani ufundi wake kajifunzia Dar es Salaam kwenye malori ya petroli. Kanieleza baada ya mazishi: la petroli likizima, fundi hutafuta kwanza moto wa waya, maana bila cheche haliwaki. La dizeli halina cheche. Likishawaka halihitaji waya, lataka mafuta tu, na mafuta yenyewe yasiwe na upepo ndani. Hayo aliyajua kwa kuambiwa. Mikono yake ilikuwa bado ya petroli.

Tulipopita Mbegani, injini ikaanza kigugumizi. Ikavuta, ikakata, ikavuta, ikazima. Wapagazi wakasema, "Fundi, tukatafute kitanda tumbebe?" Athumani akasema, "Ngojeni, ni moto umekatika, sasa hivi tu." Nasi tukangoja. Hiyo "sasa hivi" ndiyo iliyotumaliza, maana kila mara ilikuwa karibu.

Mimi nilishuka na mtoto, nikakaa kivulini kando ya lori. Athumani akaja kufungua boneti upande ule ule. Shati alikuwa amelivua, kampa Bi Tatu la kuzuilia damu, kabaki kifua wazi na kaptura. Aliponiona pale akainamisha kichwa, akazunguka upande wa pili. Unajua mwenyewe, Shomari. Umezaliwa wapi wewe? Mkwe atamsogelea mama mkwe kifua wazi? Nami nikajifunika kanga uso mzima, nikageukia gurudumu.

Upande wa pili ndiko kuliko betri, na selfu ya kuwashia. Akakwangua vichwa vya betri, akafuata waya mmoja mmoja, akaingia kukanyaga pedeli ya kuwashia. Injini ikazunguka, haikushika. Akarudi kwenye waya.

Mimi niliona. Ndani ya kanga mtu anaona. Kila alipokanyaga, upande wangu, penye nati moja chini ya kikopo cha kuchujia mafuta, palitoka povu, kisha tone. Povu, tone. Mashine sizijui, lakini nimeuza mafuta ya nazi tangu ujana wangu, na chombo kinachovuja hakinipiti.

Nikamwita Bi Tatu kwa sauti ya chini. "Mwambie mkwe atazame huku."

Akajibu kutoka juu, "Nimelishika tumbo la mwanao kwa mikono miwili. Mwambie wewe!"

"Mkwe wangu huyo!"

"Basi kaa na mkweo!"

Nikakohoa. Maskini, akadhani namhimiza, akazidi kukwangua.

Nikakaa. Shomari, nilikaa. Kivuli kikasogea mpaka miguu yangu ikawa juani, nami nimekaa, namwonea mwanamume haya, na mwanangu yuko juu ya kichwa changu. Mpaka Zuhura aliposema, "Mama, mbona hatuendi?" Kwa sauti ya mtu anayesinzia. Hapo ndipo nilipoivuta kanga kichwani nikapiga kelele, "Athumani! Njoo huku! Panavuja!" Jina lake sikuwa nimelitamka hata siku moja.

Akaja mbio. Akakaza nati, akafungua skrubu, akasukuma kile kipampu cha mkono, povu likatoka likaisha, yakaja mafuta matupu. Maji ya chai yasingechemka muda ule. Lakini betri nayo ilikwishachoka kwa kukanyagwa. Tukasukuma, wapagazi, wavuvi wawili waliokuwa wakipita, na mimi na mtoto kifuani. Likanguruma, tukapanda.

Kabla ya Kaole Bi Tatu akapiga ubao kwa kiganja. Akasema, "Punguza mwendo, baba. Hakuna haraka tena."

Kalamu imesimama huko nje. Siisikii ikikwaruza. Hakujua, Shomari. Alidhani niliona pale pale nilipopiga kelele. Siku zote hizi anajilaumu peke yake, nami nimemwacha, nikila ugali anaouleta.

Ameniuliza, "Mama, uliona panavuja tangu lini?"

Nimemjibu, "Tangu ulipokanyaga mara ya kwanza."

Kisha ameuliza, "Niandike na hilo?"

Nimemwambia, "Ndilo hasa la kuandika."

Ameandika. Mwulize huyo mwuaji wako kama kuna lililopungua.

Funguo za lori amemrudishia tajiri. Anaangua nazi za watu, na jioni anamwogesha mtoto mwenyewe, hataki nimsaidie. Mtoto tumemwita Tabu. Ananyonya kwa Mwajuma, mke wa jirani, mwenye mwana mchanga: ziwa moja la mwanawe, moja la Tabu, na hajapata kutuonyesha uso wa kuchoka. Nikimtoa hapa nimlete kwako atanyonya nini? Barua yako?

Neno ni lako, mjomba ni wewe. Lakini mimi ndiye niliyekubeba mgongoni ukanikojolea, na leo neno lako silifuati. Mtoto simleti. Baba yake yuko hai na anampenda. Ukitaka kumwona, njoo. Utakula samaki, utalala kwangu, na utamwamkia Athumani vizuri. Na ukiwa utasema mbele ya wazee wa huko nani alimwacha Zuhura afe, lisitajwe jina lake bila langu, na langu litangulie.

Msalimie mkeo, anywe tangawizi aache ukaidi. Msalimie shangazi yetu kipofu, umsomee barua hii yote, usimfiche kitu, atanitukana na nimeridhia. Salamu kwa mwalimu wenu wa chuo kwa hitima aliyomsomea mwanangu. Na somo yake Zuhura, aliyemfunda akiwa mwali, mpe pole yangu peke yake, mwambie nilimwosha kwa mikono yangu, na nywele nilimsuka.

Ni mimi dada yako, Mwanahawa binti Salumu. Alama ya kidole hapo chini ni yangu.

Aliyeandika ni baba yake Tabu.