Ndimu Zinazopotea

Jumatatu, 6 Oktoba
Supu bila ndimu tena. Supu ya pweza bila ndimu ni maji ya kuoshea sufuria, na nimemwambia hivyo binti yangu Mwanahawa, anayeipika na kuiuza pale karibu na stendi. Anasema ndimu kanunua jana. Basi nani anazila? Namshuku mumewe, Hamisi. Ingawa uso wake umeshachacha, wala hahitaji ndimu.

Jumanne, 7 Oktoba
Mwizi nimemkamata. Mjukuu wangu Zuhura, darasa la tano. Kachutama nyuma ya banda la kuku, anajisugua mikono kwa ndimu mpaka ngozi imeiva. Nikamuuliza anajitayarisha kukaangwa? Hakucheka. Huyu hucheka hata nikipiga chafya. Sijapenda.

Jumatano, 8 Oktoba
Asubuhi tumbo linamuuma, shule haendi. Mama yake kambembeleza mpaka kasema. Shuleni wanamwita Pweza. Sababu jioni huosha pweza na mama yake. Akipita wanaziba pua, wanajinyonganyonga mikono. Dawati anakaa peke yake. Kinara wao ni Neema, mjukuu wa jirani yetu Chilemba, ambaye ni mtani wangu tangu tuhame Sudi kuja hapa Lindi.

Hamisi kapandisha hasira, anataka kwenda kumchapa mtoto wa watu. Mwanahawa anataka kumficha Zuhura ndani. Mimi nikawacheka wote. Nikasema huo ni utani, na mtani hujibiwa. Nikamfundisha Zuhura maneno ya kumwambia Neema kuhusu masikio yake. Maneno matamu sana. Nimejisifu peke yangu.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimeharibu.

Zuhura kajibu kama nilivyomfundisha. Neno la kwanza tu, sauti ikamkatika. Darasa zima likacheka. Mapumziko wakamjazia vichwa vya dagaa kwenye begi. Karudi, kanipita barazani bila shikamoo. Nikamsikia ndani anamwambia mama yake, "Babu asinisaidie tena."

Chakula kimenishinda.

Ijumaa, 10 Oktoba
Hakwenda shule. Nimetoka msikitini, nimezunguka soko lote, sikununua kitu. Nikikaa nasimama. Nikisimama nakaa.

Nimewaza. Mimi namtukana Chilemba, Chilemba ananitukana, halafu tunagawana tumbaku. Zuhura anagawana nini, na nani?

Jioni nikawaita Hamisi na Mwanahawa. Nikasema nimekosea, na wao wamekosea, na wote watatu tunapayuka juu ya kichwa cha mtoto. Kuna aliyemuuliza yeye anatakaje? Hamna.

Tukamwita. Kwanza alinyamaza. Na sisi tukanyamaza, kazi ngumu kwangu kuliko kufua nazi. Mwisho kasema. Mama aende kwa mwalimu, aongee polepole. Baba asiingie darasani na hasira zake. Na asiachishwe kuosha pweza, anapenda kukaa na mama yake pale.

Kusikia hilo la mwisho, Mwanahawa kageukia ukutani.

Jumamosi, 11 Oktoba
Kwa Chilemba. Siku zote naingia pale na tusi, nachukua kiti bila kukaribishwa. Leo nimepiga hodi. Nimemsalimia kwa adabu, nimesubiri mlangoni.

Chilemba akainuka, rangi imempotea. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Mbona hunitukani?"

Nikamweleza. Akajaribu kucheka. "Aa, mtani, watoto hao wanataniana tu."

"Wako anacheka, wangu anajichuna ngozi kwa ndimu. Utani gani huo wa mtu mmoja?"

Chilemba akamwita Neema. Nilimwomba asimguse, na hakumgusa. Akamkalisha, akaniambia nirudie yote. Habari ya ndimu ilipofika mtoto akatazama chini. Kama imemwingia sijui. Watoto siwaamini, nilikuwa mtoto.

Jumatatu, 13 Oktoba
Mwanahawa kaenda shuleni na Zuhura. Mwalimu alikuwa hajui hata nusu yake. Atapanga upya madawati, na mapumziko atakuwa nje anaangalia. Hamisi kangoja kwenye bodaboda yake, mikono mfukoni kama alivyoagizwa.

Mimi nimeuliza shule inatoka saa ngapi mpaka Mwanahawa kanifukuza jikoni.

Zuhura karudi. Wawili bado wameziba pua. Neema hakuziba, ila hakumsemesha. Dawati anakaa na msichana mmoja wa Mchinga, mpole. Kesho anasema ataenda. Kasema "nitaona," kwa kweli. Nimeandika vibaya.

Alhamisi, 16 Oktoba
Kaenda kila siku. Jana alirudi amenuna, hakusema. Hatukumvuta. Leo asubuhi kasema mwenyewe, na mama yake kamrudia mwalimu.

Chilemba kapita na kuniita fisi asiye na meno. Nimemjibu ipasavyo.

Jioni Zuhura kaosha pweza na mama yake. Kaniletea supu, kanikamulia ndimu. Akanusa vidole. Akanawa mara moja, kwa maji matupu, akaenda kucheza.